Kihariri cha seli kwenye JTable: kwa nini tarehe yako inaingia mstari usio wake

Msomaji anauliza:

"Naandika programu ya kompyuta ya mezani kwa Java. Sehemu kubwa ya kazi iko kwenye JTable (kijenzi cha Java cha kuonyesha jedwali) yenye orodha ya majukumu, na safu moja ni ya tarehe ya mwisho ya kila jukumu. Kihariri cha kawaida, yaani kijenzi kinachofunguka mtumiaji anapobadilisha thamani ya seli, hakinitoshi, kwa hiyo nimetengeneza changu: JPanel yenye kisanduku cha maandishi na kitufe kidogo kinachofungua kalenda. Kwa macho kinapendeza, ila kina matatizo matatu. Mtumiaji akifika kwenye seli kwa mishale ya kibodi na kuanza kuandika, herufi hazitokei mpaka abofye ndani ya kisanduku. Akiandika tarehe kisha akabofya Hifadhi papo hapo, tarehe hiyo haihifadhiwi. Na jedwali likiwa limepangwa kwa kubofya kichwa cha safu, tarehe iliyochaguliwa kwenye kalenda inakwenda kwenye mstari mwingine kabisa. Kitufe changu, mtumiaji akishachagua, kinafanya hivi: modeli.setValueAt(tarehe, jedwali.getSelectedRow(), 2). Nimekosea wapi?"

Jibu:

Ndugu, nitaanza na tatizo lako la tatu, maana ndilo la hatari. Herufi isiyotokea inamuudhi mtumiaji na atakupigia kelele siku hiyohiyo. Tarehe inayoingia kwenye mstari usio wake haimpigii mtu kelele. Inakaa kimya kwenye kumbukumbu, na anayekuja kuigundua ni mtu mwingine, baadaye sana, akiwa hana njia ya kujua tarehe ya kweli ilikuwa ipi.

Tangu Java 6 ya mwaka 2006, JTable inaweza kupanga mistari yenyewe kupitia RowSorter. Inapopanga haigusi modeli yako, yaani kitu kinachotunza data ya jedwali. Data inabaki pale ilipokuwa, kinachobadilika ni mpangilio wa kuonyesha tu. Kwa hiyo kuna namba mbili za mstari: ile ya machoni, na ile ya ndani ya modeli. getSelectedRow inakupa ya machoni. modeli.setValueAt inataka ya ndani. Jedwali likiwa halijapangwa namba hizo zinafanana, ndiyo maana ulipojaribu mwanzoni kila kitu kilikwenda sawa. Mtumiaji akishabofya kichwa cha safu, zinaachana.

Wengi watakuambia uzungushie namba hiyo convertRowIndexToModel, inayogeuza namba ya machoni kuwa ya modeli, na ni kweli tarehe zitaanza kuingia mahali pake. Mimi nakushauri ufute mstari huo wote wa msimbo. Kihariri cha seli hakipaswi kuijua modeli, wala kujua kiko mstari wa ngapi. Matatizo yako yote matatu yana mzizi mmoja: mipaka kati ya kazi ya kihariri na kazi ya jedwali imevurugika. Mahali pamoja kihariri kinafanya kazi ya jedwali, mahali pengine hakifanyi iliyo yake.

Tazama jedwali linavyoendesha mambo. Mtumiaji anapoanza kuhariri, JTable inaita editCellAt. Kwanza inaiuliza modeli kama seli hiyo inaharirika, kisha inakiuliza kihariri kama tukio lililotokea, iwe mbofyo au kitufe cha kibodi, linatosha kukifungua. Majibu yakiwa ndiyo, inaita getTableCellEditorComponent, inapokea kijenzi, inakipa ukubwa wa seli na kukiweka ndani ya jedwali kama mtoto wake halisi. Hapo ndipo kihariri kinapotofautiana na kichoraji cha seli, kile kinachoonyesha tu thamani ya seli isiyohaririwa. Kichoraji kinapigwa kama muhuri, picha tu isiyopokea kubofywa. Kihariri ni kijenzi hai chenye fokasi (haki ya kupokea kinachoandikwa kwenye kibodi) na matukio yake. Kisha jedwali linasubiri. Kihariri kinapotangaza kwamba kimemaliza, jedwali linaita getCellEditorValue kuchukua thamani, linaita setValueAt yake lenyewe kwa mstari na safu ambavyo lilivikumbuka tangu mwanzo, kisha linakiondoa kijenzi. Hiyo setValueAt ya jedwali ndiyo inayogeuza namba za machoni kuwa za modeli, za mistari na za safu pia. Mtumiaji akiburuta safu ya tarehe na kuipeleka mwisho wa jedwali, bado thamani itafika panapostahili.

Kwa hiyo kitufe chako cha kalenda kina kazi mbili tu: kuweka tarehe iliyochaguliwa ndani ya kisanduku, na kuita stopCellEditing. Yanayofuata ni ya jedwali. Mtumiaji akifunga kalenda bila kuchagua, usiite chochote. Mwache aendelee kuandika alipokuwa.

Kihariri kizima kinakaa hivi:

```java
public class KihaririTarehe extends AbstractCellEditor
        implements TableCellEditor {

    static final DateTimeFormatter MUUNDO = DateTimeFormatter
        .ofPattern("dd/MM/uuuu")
        .withResolverStyle(ResolverStyle.STRICT);

    private final Kisanduku kisanduku = new Kisanduku();
    private final Paneli paneli = new Paneli();
    private LocalDate tarehe;

    @Override
    public Component getTableCellEditorComponent(JTable jedwali,
            Object thamani, boolean imechaguliwa,
            int mstari, int safu) {
        tarehe = (LocalDate) thamani;
        kisanduku.setText(tarehe == null ? ""
                          : tarehe.format(MUUNDO));
        kisanduku.setBorder(null);
        kisanduku.selectAll();
        return paneli;
    }

    @Override
    public Object getCellEditorValue() {
        return tarehe;
    }

    @Override
    public boolean stopCellEditing() {
        String s = kisanduku.getText().trim();
        try {
            tarehe = s.isEmpty() ? null
                     : LocalDate.parse(s, MUUNDO);
        } catch (DateTimeParseException kosa) {
            kisanduku.setBorder(
                BorderFactory.createLineBorder(Color.RED));
            return false;
        }
        return super.stopCellEditing();
    }
}
```

Klasi mbili ndogo, Kisanduku na Paneli, nitazieleza nikifika kwenye kibodi.

Angalia stopCellEditing kwa makini. Jina lake linamfanya mtu adhani ni amri, lakini ni ombi: jedwali linauliza, "naweza kufunga?", na kihariri kina haki ya kukataa. Ukirudisha false, kinabaki wazi na maandishi ya mtumiaji yako palepale, yana mpaka mwekundu, anaweza kuyarekebisha. Kihariri cha namba kinachokuja na JTable hufanya hivyohivyo. Ukaguzi wa thamani uuweke hapa, usiuweke kwenye getCellEditorValue. Ikifika hatua ya kuulizwa thamani, uamuzi wa kufunga umeshapita, na huna tena namna ya kumrudisha mtumiaji.

Kuna kitu kwenye MUUNDO ambacho nakusihi usikiache. Bila kuweka STRICT, mtumiaji akiandika 31/02/2025 Java haitalalamika. Itaishusha kimyakimya iwe 28/02/2025. Huo ni ugonjwa uleule wa tarehe kuingia pasipo pake. Na ukiweka STRICT, mwaka uandike kwa uuuu. Ukitumia yyyy, Java itadai uitajie na zama za mwaka, na kila tarehe utakayojaribu kuisoma itakataliwa.

Jambo jingine la kuangalia humo ni kwamba kila kitu kinawekwa upya ndani ya getTableCellEditorComponent: maandishi, mpaka, tarehe yenyewe. Kitu kimoja cha kihariri kinahudumia safu nzima, kinahama kutoka seli hadi seli. Usipoufuta mpaka mwekundu hapo, mtumiaji atakosea kwenye seli moja, atabonyeza Esc, atafungua seli nyingine iliyo sahihi na kuikuta nyekundu. Tena usitegemee cancelCellEditing kufanya usafi huo, kwa sababu Esc kwenye JTable inaliambia jedwali likiondoe kihariri moja kwa moja kwa removeEditor, bila kupitia methodi yako ya kughairi.

Sasa kibodi, tatizo lako la kwanza. Mtumiaji akiwa juu ya seli na kubonyeza herufi, fokasi bado iko kwenye jedwali. JTable inafungua kihariri, kisha inalisukuma tukio la kibodi kwa kijenzi ulichokirudisha, na kwa kijenzi hicho tu. Kingekuwa JTextField, kingeipokea herufi na kuiandika hata bila kuwa na fokasi. Chako ni JPanel, na JPanel haina la kufanya na herufi. Inaipokea na kuitupa. Kisanduku kilichomo ndani hakipati habari yoyote.

Dawa ni kuifundisha paneli kupitisha. Methodi inayohusika, processKeyBinding, ni protected, kwa hiyo paneli haiwezi kuiita kwenye JTextField ya kawaida. Ndiyo maana unahitaji klasi ndogo ya kisanduku inayoifungua:

```java
static class Kisanduku extends JTextField {
    @Override
    public boolean processKeyBinding(KeyStroke ks,
            KeyEvent e, int hali, boolean imebonyezwa) {
        return super.processKeyBinding(
            ks, e, hali, imebonyezwa);
    }
}

class Paneli extends JPanel {
    Paneli() {
        super(new BorderLayout());
        JButton kitufe = new JButton("...");
        kitufe.setFocusable(false);
        kitufe.setMargin(new Insets(0, 2, 0, 2));
        kitufe.addActionListener(e -> funguaKalenda());
        add(kisanduku, BorderLayout.CENTER);
        add(kitufe, BorderLayout.EAST);
    }

    @Override
    protected boolean processKeyBinding(KeyStroke ks,
            KeyEvent e, int hali, boolean imebonyezwa) {
        if (hali == WHEN_FOCUSED)
            return kisanduku.processKeyBinding(
                ks, e, hali, imebonyezwa);
        return super.processKeyBinding(
            ks, e, hali, imebonyezwa);
    }

    @Override
    public void requestFocus() {
        kisanduku.requestFocus();
    }
}
```

funguaKalenda ni ya kwako: inafungua kalenda, inaweka maandishi kwenye kisanduku, inaita stopCellEditing. Hakikisha kisanduku kinatangazwa kabla ya paneli ndani ya klasi kama nilivyofanya, la sivyo paneli itajengwa kisanduku kikiwa bado ni null.

requestFocus ina sababu yake. Mtumiaji akibonyeza F2, jedwali hufungua kihariri na kukiombea fokasi kijenzi ulichorudisha. Usipoielekeza kwenye kisanduku, fokasi itakaa kwenye paneli na kishale hakitaonekana. Ukiita pia jedwali.setSurrendersFocusOnKeystroke(true) pale unapoliandaa jedwali, hata kuanza kwa herufi ya kawaida kutahamisha fokasi kabisa iingie kwenye kisanduku, na mishale ya kushoto na kulia itasogeza kishale ndani ya maandishi badala ya kuruka seli. Kwa kihariri cha tarehe mimi ningeiweka. Ile selectAll nayo iko hapo kwa ajili hii: anayeanza kuandika juu ya seli huwa anakusudia kubadilisha tarehe yote, wala hataki herufi zake ziungwe mkiani mwa tarehe ya zamani. Anayebofya kwa kipanya ataweka kishale anapotaka, na uteuzi utatoweka wenyewe.

Kitufe nimekinyima fokasi kwa makusudi. Ndani ya JTable, Tab ni ya jedwali: inafunga kihariri na kwenda seli inayofuata, kwa hiyo mtumiaji hawezi kukifikia kitufe kwa Tab hata ukitaka. Mpe njia nyingine. Funga mchanganyiko wa Alt na mshale wa chini kwenye InputMap ya kisanduku (orodha inayounganisha vitufe vya kibodi na matendo) ufungue kalenda. Kuna watu wanaofanya kazi siku nzima bila kugusa kipanya, wengine kwa kupenda, wengine kwa sababu mikono yao haiwaruhusu, na kihariri kinachodai kipanya kinawafungia mlango.

Enter uiache ilivyo. Kisanduku kisicho na ActionListener hukiachia kitufe hicho kipande juu hadi kwenye jedwali, nalo linafunga kihariri na kushuka mstari unaofuata, jambo ambalo wanaojaza orodha ndefu wanalitegemea.

Kuhusu kufungua: AbstractCellEditor inakubali tukio lolote, kwa hiyo mbofyo mmoja tu utafungua kihariri chako, wakati kihariri cha kawaida cha maandishi husubiri mibofyo miwili. Andika isCellEditable yako inayokagua tukio. Likiwa MouseEvent, dai getClickCount isipungue 2. Likiwa KeyEvent lenye Ctrl, Alt au Meta, kataa. Hili la pili wengi hawalijui. Jedwali huhesabu kitufe chochote lisichokitambua kuwa mwanzo wa kuandika, na mtumiaji anayebonyeza Ctrl+S kuhifadhi huona seli ikifunguka ghafla bila sababu.

Tatizo la pili, tarehe isiyohifadhiwa. JTable kwa asili yake haifungi kihariri fokasi inapoondoka. Mtumiaji akibofya Hifadhi nje ya jedwali, kihariri kinabaki wazi, maandishi yako machoni pake, lakini modeli bado ina thamani ya zamani, na hiyo ndiyo unayoihifadhi. Ushauri utakaoupata kila mahali ni huu:

```java
jedwali.putClientProperty(
    "terminateEditOnFocusLost", Boolean.TRUE);
```

Inafanya kazi, lakini soma masharti yake kabla ya kuitumia. Fokasi inapotoka, jedwali huita stopCellEditing. Kihariri kikikataa, jedwali halisubiri, linaita cancelCellEditing. Yaani mtumiaji aliyeandika tarehe yenye kosa, akabofya mahali pengine kwenye dirisha lilelile, anapoteza alichoandika bila kuambiwa neno. Ule ukaguzi mzuri wenye mpaka mwekundu unageuka kuwa mtego. Pili, haisaidii fokasi isipohama: vitufe vya upau wa zana vilivyonyimwa fokasi, au njia ya mkato ya menyu, havimtoi mtu kwenye kisanduku. Tatu, inategemea kalenda yako imekaa wapi. Ikiwa ndani ya JDialog hakuna shida, kwa sababu fokasi ikienda dirisha jingine jedwali halijali. Ikiwa ni kipopo chepesi kinachochorwa ndani ya dirisha lilelile na kinachukua fokasi, jedwali litakifunga kihariri kabla mtumiaji hajachagua siku.

Mimi naweka ukaguzi mahali penye maana, yaani mwanzoni mwa kila tendo linalosoma data:

```java
if (jedwali.isEditing()
        && !jedwali.getCellEditor().stopCellEditing()) {
    jedwali.getEditorComponent().requestFocus();
    return;
}
```

Iweke kwenye methodi moja na uiite kutoka Hifadhi, Chapisha, na kufunga dirisha. Tarehe ikiwa sahihi inaingia kwenye modeli na kuhifadhi kunaendelea. Ikiwa na kosa, hakuna kinachohifadhiwa, fokasi inarudi kwenye kisanduku chekundu, na mtumiaji anaona mwenyewe kilichomzuia. Ni mistari michache, na haiamui chochote kwa niaba ya mtumiaji.

Methodi hiyohiyo iite kabla ya kufuta mstari au kupakia data upya. JTable yenye RowSorter itakighairi kihariri, na isiyo nayo haikiondoi kwa sababu tu mstari uliokuwa chini yake umefutwa. Kitaendelea kuning'inia, na kikija kufungwa jedwali litajaribu kuandika kwenye mstari ambao haupo, upate IndexOutOfBoundsException. Au mbaya zaidi, mstari wa chini utakuwa umepanda kushika namba ileile, na tarehe iingie kwake bila kosa lolote kutupwa.

Mawili madogo. Urefu wa mstari wa JTable ni pikseli 16 usipoubadilisha, na kisanduku chenye mpaka wa kawaida kinabanwa humo mpaka herufi zinakatwa. Ndiyo sababu nimeondoa mpaka, na hata hivyo ongeza urefu kwa setRowHeight ukiutoa kwenye ukubwa wa fonti. Na jedwali huita setValueAt hata mtumiaji asipobadilisha kitu, kwa hiyo kama modeli yako inaweka alama ya "kuna mabadiliko", ilinganishe kwanza thamani mpya na ya zamani.

Ukimaliza, usijaribu kwenye jedwali lililotulia. Panga mistari kwa safu ya jina kinyumenyume, buruta safu ya tarehe iwe ya kwanza, fungua seli ya katikati kwa kuandika tu bila kipanya, weka 31/02/2025, kisha bonyeza Ctrl+S. Kisanduku kinatakiwa kibaki wazi kikiwa chekundu. Badilisha iwe 28/02/2025, bonyeza tena Ctrl+S, uchapishe yaliyomo kwenye modeli, si yanayoonekana kwenye jedwali, na uangalie tarehe hiyo imekaa kwa nani.